Neno letu ni omena

Migosi, Kisumu
Jumapili usiku

Nafula wangu,

Salamu nyingi kama mchanga wa Dunga. Unakumbuka tulivyokuwa tukianza barua hivyo kule bwenini, hata kama unayemwandikia analala kitanda cha juu yako? Leo nimerudia kalamu kwa sababu nyingine. Ule ujumbe wako wa sauti niliufungua ndani ya matatu ya Kondele, spika wazi. Mama aliyekaa kando yangu na jogoo mapajani alisikia mpaka pale uliposema, "Akaniomba anifunge mikono." Akanitazama mimi, akamtazama jogoo wake aliyefungwa miguu, akashuka Kibuye bila kwaheri. Kwa hivyo jibu linakuja kwa karatasi, ndani ya kifurushi, na ukimaliza kusoma washia jiko.

Nyumbani niliusikiliza tena mara tatu. Nianze na swali lako la mwisho, lile ulilonong'ona: kwamba jambo moja ulilipenda, na je, umeharibika? Hujaharibika. Mke na mume, watu wazima, mmoja akataka kufungwa mikono na mwenzake akataka kufunga, hao si wagonjwa wala si wa kwanza duniani. Kilichonitia wasiwasi ni ile "sawa" yako. Shemeji aliomba mambo manne, ukamjibu sawa mara nne kwa sauti ile ile. Kumbe ya mikono uliitaka. Ya kufungwa macho uliivumilia. Ya kubanwa shingo ilikuliza bafuni maji yakiwa wazi asisikie. Na ya nne, ile ya video, hujui hata iliishia wapi. Yeye atajuaje tofauti, ikiwa zote nne zilitoka kinywani zikifanana?

Usije ukadhani naongea kama mshauri wa ndoa. Nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Kwetu, aliyevuka mpaka ni mimi.

Mwaka wetu wa pili, mimi ndiye niliyekuwa na mambo. Nilikuwa nimechoka na ratiba: taa, pazia, usingizi. Usiku mmoja nikachukua leso, ile shangazi wa mume wangu aliyotuzawadia kwenye harusi, nikamfunga Baba Tony macho. Nikauliza, "Uko sawa?" huku mikono yangu imeshaendelea, naye akajibu, "Mm." Nafula, nilijenga ghorofa juu ya hiyo mm. Baada ya dakika chache nikahisi mgongo wake umelowa jasho baridi, pumzi fupi fupi, mwili umekakamaa kama ubao. Akajitoa taratibu, akasema anaenda kuangalia kama geti limefungwa. Alikaa barazani mpaka jogoo wa kwanza. Na mimi nilikasirika! Nilidhani ananiona malaya. Wiki mbili nilimpikia bila kumsemesha.

Alikuja kuniambia miezi mingi baadaye, siku tulipoenda Dunga kula samaki. Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipofika huko Nakuru, alikuwa mvulana wa miaka 17, wanaishi Kaptembwo. Jirani alimficha stoo, akamfunika magunia, akakaa gizani siku mbili akisikiliza watu nje wakiulizana nani anaishi nyumba gani. Tangu hapo hawezi kufunikwa uso. Hata blanketi hulivuta mpaka kifuani, basi. Miaka miwili nalala na mtu huyu, naona blanketi limekomea kifuani kila usiku, na sikuwahi kuuliza kwa nini.

Nikamuuliza, kwa nini hukuniambia nikuache? Akaangalia ziwa. Akasema, "Mwanamume atamwambia nini mke wake, kwamba anaogopa leso?" Yaani yeye pia alikuwa amefundishwa kwamba mwanamume hakatai, kama wewe na mimi tulivyofundishwa kwamba mke hakatai. Watu husema kimya ni kukubali. Mimi siku hizi nakumbuka ile nyingine: kimya kingi kina mshindo mkuu.

Pale pale, mifupa ya samaki bado mezani, tukaomba karatasi na kalamu kwa mhudumu. Kila mtu akaandika yake bila kuchungulia ya mwenzake: ninayotaka, nisiyotaka kabisa, na yale ninayoweza kuyajaribu siku moyo ukikubali. Tukabadilishana. Niliona aibu hadi nikafunika uso na sahani. Lakini kwenye upande wake wa "nataka" kulikuwa na mambo mawili niliyokuwa nayo mimi pia, na tulikuwa tumeyanyamazia wote wawili, kila mtu akimwogopa mwenzake. Kwa hivyo usiyaone mazungumzo haya kama ya kukatazana tu. Karatasi ile tumeiandika upya mara kadhaa. Nilipomzaa Tony nusu ya yangu ilihamia upande wa hapana. Mengine yamerudi, mengine hayajarudi mpaka leo, na Baba Tony hajaniuliza yatarudi lini.

Halafu tukachagua neno. Watu waliozoea michezo ya kufungana na kuigiza wana desturi hiyo, kwa sababu ndani ya mchezo mtu anaweza kusema "wacha" na "hapana" kama sehemu ya maigizo, hivyo linahitajika neno lisiloweza kuingia humo kwa bahati mbaya. Wengine hutumia rangi za taa za barabarani: kijani endelea, njano punguza, nyekundu simama. Baba Tony alizikataa taa, akasema hajawahi kuona boda boda akisimama kwa nyekundu. Meza ya jirani walikuwa wameletewa omena, wale dagaa wa ziwani. Basi, neno letu ni omena. Likitamkwa kila kitu kinasimama. Hakuna "ngoja kidogo namalizia," hakuna kununa, na aliyesimamisha hadaiwi maelezo usiku huo, ataeleza kesho akipenda. Na kwa kuwa mtu akiogopa huweza kuganda mpaka sauti isitoke, kama alivyoganda yeye, tuna ishara ya mkono pia: kumgonga mwenzako mara tatu, mahali popote. Siku ambazo hamchezi chochote, "hapana" ya kawaida inatosha, haihitaji siri.

Limetumika chumbani mara mbili tu, na mara zote mbili aliyelitumia ni mimi. Nje ya chumba limetumika sana. Siku mama mkwe alipoanza kutuuliza mtoto wa pili yuko wapi, Baba Tony alisema "omena" kwa sauti ya kuomba msaada, na mama yake akainuka akaenda kutupikia omena.

Sasa turudi kwa manne yako.

Mikono ulisema umeipenda, basi furahini. Tumieni leso laini, si kamba ya kufungia mizigo. Kidole kipite kati ya kitambaa na ngozi, mkasi uwe karibu, na vidole vikianza ganzi au kubadilika rangi fungueni hapo hapo. Aliyefungwa haachwi peke yake, hata simu ikilia, hata mtu akibisha mlangoni. Na asiwepo aliyelewa kati yenu, kwa sababu pombe ikishaingia, kukubali na kukataa vyote vinakuwa vya pombe. Macho wajua mwenyewe. Wewe hukufichwa stoo, lakini ulivumilia tu, na kuvumilia si kutaka. Mkimaliza, msigeukiane migongo. Sisi hunywa chai ya maziwa saa saba za usiku kama wezi, tunaulizana lipi lilikuwa zuri na lipi tuliache.

Kwa ya shingo sitapima maneno. Kataa. Kubana shingo kunazuia damu inayopanda kwenye ubongo, mtu huweza kuzimia ndani ya sekunde chache, na madhara mengine hujitokeza baada ya saa au siku kadhaa, hata kiharusi, bila alama yoyote kwenye ngozi. Hakuna namna ya kubana kwa usalama, hata mtu awe na mkono mwepesi namna gani. Na aliyezimia hasemi omena. Ulisema sauti ilikwaruza siku mbili na kumeza kukawa kunauma. Ulilitaja haraka haraka kama jambo la kupita, lakini mimi ndilo lililoninyima usingizi. Nenda hospitali kesho asubuhi, kabla hata ya kumjibu Shemeji chochote. Mwambie daktari kilichotokea kama kilivyotokea. Ukiona aibu, sema ni rafiki yako wa Kisumu aliyekulazimisha kuja.

Video nayo muulize iko wapi, na muifute mkiwa pamoja, pamoja na nakala zinazojihifadhi zenyewe mtandaoni bila mtu kuziamrisha. Sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018 inamtoza anayesambaza picha za utupu za mwenzake faini ya hadi shilingi 200,000, au kifungo cha hadi miaka miwili, au vyote viwili. Ni vizuri kujua. Lakini hakuna hakimu anayeweza kuitoa picha kwenye kundi la WhatsApp la akina mama wa kanisa ikishaingia. Sisi hatujipigi video kabisa. Namwamini Baba Tony, ila simu yake imeibiwa mara mbili stendi.

Umesema pia kwamba ulishakubali yote siku ile madhabahuni. Nafula, mimi nilikuwa msimamizi wako, nilishika hadi shada lako la maua, na sikusikia mchungaji akitaja shingo. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, kifungu cha 42, inasema kukubali ni mtu kuafiki kwa hiari yake, akiwa na uhuru na uwezo wa kuchagua. Maneno machache na mazuri sana, kisha kifungu kinachofuata kikaharibu: kinasema hakiwahusu waliooana kisheria. Nikiwaza hilo huwa nataka kurusha sufuria. Afadhali 2015 ilikuja sheria ya kutukinga na ukatili wa nyumbani, na yenyewe inataja wazi ukatili wa kingono ndani ya ndoa, na mtu anaweza kwenda mahakamani kuomba amri ya kumlinda. Sisemi mmefika huko. Nasema cheti cha ndoa hakijawahi kuwa "sawa" ya kila usiku.

Je, utamwambiaje? Msiongelee kitandani, na msiongelee mkiwa mmegombana. Sisi wa huku tuna ziwa la kuangalia wakati maneno yanapokuwa mazito, nanyi mna lenu, au mpande mkakae ukingoni kule Menengai, watu wakiwa hawatazamani usoni huongea vizuri zaidi. Anza na leso, mwambie hiyo uliipenda, kwa sababu ni kweli na kwa sababu ataogopa kidogo akisikia unataka kuzungumza. Kisha mwambie "sawa" zako hazikuwa sawa zote, na kosa hilo la kunyamaza ulibebe wewe kiasi chako, lisizidi hapo. Ya shingo usiijadili, mwarifu tu. Halafu muulize yake. Huenda naye ana stoo yake na magunia yake.

Simjui Shemeji vya kutosha kukuahidi atalipokea vipi. Akianza kukuuliza maswali, akaona haya, akataka kujua ulilia siku gani, huyo utaongea naye mpaka mzeeke. Akikwambia basi atatafuta wa kumpa, au akikufanyia uliyomkataza, hapo hatuzungumzii tena leso. Namba ya 1195 ni bure, wanapokea simu za wanaoumizwa majumbani. Na chumba cha Tony kina kitanda cha ziada, matatu za Nakuru zinafika hapa mchana na usiku, huhitaji kunipigia kwanza.

Nimechoka kuandika, mkono unauma kama siku za mtihani. Kwenye kifurushi kuna samaki wawili wakavu, njugu za Mama Tony, na mfuko wa buluu una gorogoro moja ya omena kutoka Kibuye. Iloweke kwa maji moto, ina mchanga kidogo. Hiyo ni ya kula tu, neno lina wenyewe. Tafuteni lenu, na mkilipata niandikie. Usinitumie kwa sauti.

Wako wa siku zote,
Akinyi