Nuru ale samaki, ila si wote

Mtongwe, Mombasa

Shoga yangu Rukia,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai hujambo wewe na mzee wako na watoto wote, na kwamba baridi ya Nakuru haijakuingia kifuani. Huku tuko salama, alhamdulillahi. Upepo wa kusi umekaza, vyombo vingi vimepandishwa pwani, na anayetoka hutoka kwa shida zake. Bi Mwanaisha anakusalimu. Kibibi anakusalimu na anasema deni lake analikumbuka, usimtumie watu. Salamu zimetosha, maana nina mengi.

Ujumbe wako wa sauti umenifika. Mashallah kwa habari ya Nuru, Mungu amjaalie ajifungue salama. Lakini hilo la mkwe wako kumpiga marufuku samaki kwa kuwa ameona video inayosema samaki wa Mombasa wote wana sumu, hilo nimeshindwa kulijibu kwa simu. Ningepandisha sauti na salio lingekwisha bure.

Video hiyo ilifika Mtongwe kabla haijafika kwenu. Siku ya pili yake tajiri anayenunua samaki akashusha bei, akasema hoteli hazitaki. Wavuvi wakanung'unika, wakauza, watafanya nini na barafu hakuna. Na mimi mama karanga, mkaanga samaki, sinia langu la jioni likabaki na samaki nusu, nikawagawa kwa majirani. Watu waliokuwa wakigombea kichwa cha changu sasa wanapita upande wa pili wa barabara wakijifanya wanazungumza na simu. Kuku wa gredi, anayenenepa kwa wiki chache tu, huyo hawamuulizi amelishwa nini.

Sasa sikiliza. Mimi si daktari, ila BMU, kile kikundi cha kusimamia ufuo wa wavuvi, walitupeleka semina, na Fauzia naye tangu asome mambo ya bahari hanipi nafasi, kanieleza hadi nimeelewa. Zebaki, yale madini yenye sumu, imo kweli kwenye samaki. Nyingi haikutoka kwetu: inatoka kwenye makaa ya mawe yanayochomwa huko duniani na kwenye machimbo ya dhahabu, hewa inaibeba, mvua inaishusha, na vijidudu vya topeni vinaigeuza ikawa aina inayoingia mwilini ikakaa. Dagaa na vibua wanapata chembe. Jodari anakula hao wengi, papa anakula wote, na kila hatua zebaki inazidi. Kwa hiyo si suala la Mombasa wala Lamu wala Oman. Ni samaki gani, anakula nini, na ameishi miaka mingapi.

Kule Japani, mji wa Minamata, kiwanda kilimwaga maji yenye zebaki kwenye ghuba miaka mingi. Mwaka 1956 ndipo ugonjwa ulipotambuliwa rasmi. Paka walikuwa wakiyumba na kuanguka, watu nao vivyo hivyo, na wanawake ambao wenyewe hawakuonekana na dalili kubwa walizaa watoto walioharibika ubongo. Zebaki inampita mama ikaenda kumkalia mtoto. Ndiyo sababu mja mzito anaambiwa achague.

Achague, Rukia, sikusema aache.

Papa amwache. Najua papa wa nazi ndiye roho yake, na wewe ndiwe uliyemzoesha, lakini asubiri mpaka amalize kunyonyesha. Sulisuli pia. Nguru mkubwa na jodari mkubwa awaonje kwa nadra. Ale tafi, huyo chakula chake ni mwani na majani ya baharini. Ale vibua, ale dagaa, changu mdogo wa mwambani, mara mbili au tatu kwa wiki. Mafuta ya samaki yanasaidia ubongo na macho ya mtoto, na kumnyima kabisa ni hasara ya aina nyingine ambayo hakuna anayeipigia video. Wala asidanganywe kwamba kuchemsha sana au kukamulia ndimu kunaondoa zebaki. Iko ndani ya nyama yenyewe, haijali moto. Kwa bahati mwili huitoa polepole, nusu yake kwa kiasi cha miezi miwili, kwa hiyo huyo papa aliyemla siku ya Idi asimkoseshe usingizi.

Madini ya risasi ni habari nyingine, na hapo ndipo hiyo video ilipovuruga mambo. Walionyesha picha za Owino Uhuru. Unapakumbuka, kule Mikindani. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza 2007, kikaja kufungwa 2014, na watu walipata sumu kwa moshi, vumbi na maji machafu yaliyopita mbele ya milango yao. Samaki hawamo. Phyllis Omido, yule mwanaharakati, alisimama na wale watu mpaka mwaka 2020 mahakama ikaamuru fidia ya Sh1.3 bilioni, ikatenguliwa kwenye rufaa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Miaka yote hiyo watoto wanakua na sumu mwilini. Kilio cha watu wale kuchukuliwa kuuzia video ya samaki, wallahi kimenichukiza.

Sisemi maji yetu ni safi, usije ukanielewa vibaya. Kibarani taka zilimwagwa kando ya bahari miaka na miaka, sasa jaa limefungwa, pamepandwa nyasi na miti na vijana wanapiga picha. Lakini tope la chini halikupandwa nyasi. Madini mazito hukaa kwenye tope, na anayechokora topeni au kuchuja maji yake ndiye anayeyaokota: kaa, chaza, hata mkizi. Mafuta nayo yamemwagika mara ngapi? Mwaka 1988 tangi lilitoboka upande wa Makupa, 2005 ikawa meli kule Port Reitz, na mikoko ikishanyweshwa mafuta hainyanyuki upesi. Afadhali tangu 2022 Makupa kuna daraja la nguzo badala ya lile tuta lililozuia maji, sasa bahari inapita. Maji ya vyoo ndiyo usiseme. Mitaa mingi haina mfereji wa maji taka, na yote yanaishia wapi? Chaza anachuja maji hayo siku nzima na kubaki na vijidudu, kwa hiyo Nuru asimle mbichi kwa ndimu hata akitamani vipi. Na samaki yeyote, maini na matumbo na mashavu ya kupumulia atupe, huko ndiko madini mengine yanakojikusanya.

Lakini ukiniuliza sumu ya samaki niliyoiona mimi kwa macho yangu, ni jua. Unaikumbuka arusi ya mtoto wa Mzee Kombo? Watu nyuso nyekundu, mwili unawasha, moyo unakwenda mbio, na mama wa bwana arusi akaapa kuna hasidi ametia kitu kwenye sahani. Hapakuwa na hasidi. Jodari alikaa kutwa juani bila barafu. Samaki wa namna ya jodari, nguru na vibua akishapata joto, vijidudu vinatengeneza kitu kinaitwa histamini, na kikishaingia hakitoki kwa kukaangwa wala kwa kuchemshwa. Harufu yaweza kuwa sawa kabisa. Maskini mpishi yule, mpaka leo hapewi kazi. Barafu tu, Rukia. Tunaomba mtambo wa barafu kila anapokuja mtu wa kura, wanaandika kwenye daftari, sijui madaftari hayo huwa wanayapeleka wapi.

Haya, sasa langu. Nimelizunguka makusudi.

Ni Shee, yule mvuvi na mzamiaji wetu. Siku ya Idi ulimwona anatembea na kijiti ukadhani ni mzaha wake. Si mzaha. Alikwenda kusini, upande wa Vanga, na yule bwana wa kamba mawe, wale kamba wakubwa wa mwambani, simtaji jina kwa kuwa barua hupotea. Wakampa mpira wa hewa mdomoni, mwisho wake mwingine umeunganishwa na kompresa, zile za kupulizia rangi magari. Upepo ukigeuka anavuta na moshi wa injini. Hana saa, hana kipimo cha kina. Anazama, anakaa chini mpaka mfuko ujae, anapanda mbio, anapumzika kidogo, anazama tena. Fauzia anasema ukiwa mita 10 chini ya maji mgandamizo ni mara mbili ya huku juu, mita 20 mara tatu, na naitrojeni iliyo kwenye hewa inayeyuka ndani ya damu na nyama. Ukipanda haraka inafanya vile soda iliyotikiswa inavyofanya ukiifungua. Mapovu yanakwenda kwenye maungio na kwenye uti wa mgongo. Dawa yake ni oksijeni safi papo hapo, kisha kurudishwa kwenye mgandamizo ndani ya chumba maalumu na kutolewa taratibu.

Shee alipewa kombe, maji yaliyooshewa maandishi ya Kurani, na kukandwa mafuta ya nazi. Kombe nami naliamini, usinione vingine, lakini wenzake waliompa walikuwa wameshaamua kwamba ni jini la baharini, kwa hiyo hakuna aliyemkimbiza popote. Sasa miguu ina ganzi, mkojo unamsumbua, nimelijua kwa mkewe kwa sababu yeye hasemi, na usiku maumivu hayamwachi. Bwana wa kamba alimtumia nauli ya kurudi nyumbani. Nauli, basi.

Linalonitisha zaidi ni kwamba anataka kurudi. Anasema akizama maumivu yanakwisha. Fauzia aliposikia hivyo alishika kichwa, maana kule chini mapovu yanabanwa yakawa madogo, mtu anaona amepona, kisha anapanda na mengine mapya.

Hospitali hataki. Kwanza pesa: SHA, bima ya afya ya serikali, wanataka mchango wa mwaka mzima kwa mpigo, na hata kiwango cha chini kabisa, Sh300 kwa mwezi, ni Sh3,600 mkononi siku moja. Mvuvi hulipwa kwa samaki wa leo, na msimu huu wa kusi hata huyo wa leo hayupo. Pili fedheha. Mwanamume aliyekuwa akizamia nanga za watu aseme mbele ya nesi mgeni kwamba mkojo hautoki?

Na si yeye peke yake. Siku ukija, simama pale bandarini uwatazame macho. Kinyama kinatambaa kutoka pembeni mpaka kwenye mboni, ni jua hilo na upepo na chumvi, lakini miwani ya jua wanasema ni ya kujishaua. Diklofenaki, dawa ya maumivu, wanameza kila alfajiri kwa ajili ya mgongo na hakuna aliyewaambia habari za figo. Wanatafuna majani ya muguka ili wakeshe. Jaketi za kuelea mbili kwenye chombo cha watu sita, na hizo mbili wamezifanya mto wa kukalia. Mimi mwenyewe kwa moshi wa kuni kifua changu siku hizi kinapiga filimbi, haya yangu tuyaache.

Nimeitazama ile video mpaka mwisho, nikiwa na hasira zangu. Kuna samaki, kuna bomba linalotoa uchafu, kuna meli. Mvuvi hayumo, ila mkono mmoja unaovuta wavu.

Kwa hiyo ombi langu ni Omar. Shee ndiye aliyemfundisha mtoto huyo kuogelea, na tangu awe daktari Shee hujisifu kwake kila anapokaa barazani. Mwambie ampigie baada ya Maghrib, aanze kwa salamu na mpira, kisha amuulize miguu. Asiseme ni mimi. Akijua nimemtangaza atanuna mpaka Ramadhani. Na kwa jina la Mungu Omar asimwambie apande gari aje kwake kabla hajahakikisha kwamba hakuzama siku za karibuni, kwa sababu kupanda milimani na mapovu mwilini kunazidisha.

Basi niambie. Omar yuko zamu za usiku au mchana siku hizi? Je, kwa mtu aliyechelewa hivi bado kuna tiba, au ni mazoezi ya viungo tu? Hilo la mkojo linahitaji daktari gani, na kuna anayemjua huku Mombasa asiyemwaibisha mtu mzima? Na mkwe wako, hivi yeye ndiye anayepika au anakataza tu? Nuru anatapika bado? Anaongezewa damu kwa vidonge? Nimeweka vibua na dagaa wakavu, wa chumvi kidogo, ataloweka kabla ya kupika. Niwape basi la usiku au la asubuhi, na nani atakwenda kupokea stendi, wewe au yule kijana wa duka ambaye mara ya mwisho alifungua mzigo?

Nijibu upesi, hilo la Omar kwanza.

Shoga yako,
Saumu