Benzini iliyokataa kugeuka buluu

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata, na nimefurahi kusikia kwamba mmeanza kutengeneza misombo ya salfa. Umeniuliza kama kukeneka (kuchemsha kimiminika na kukusanya mvuke wake uliopoa) peke yake kunatosha kusafisha mazao yenu. Inategemea ni kitu gani kimejichanganya humo, na ndiyo maana lazima nikueleze habari za mkemia Mjerumani Victor Meyer.

Mwaka 1882, huko Zürich, Meyer alikuwa akiwaonyesha wanafunzi jaribio lililojulikana sana wakati ule: benzini ikikutana na isatini (kemikali ya kupimia) na asidi kali ya salfuriki, hutoa rangi ya buluu. Safari hii benzini ilikuwa imetengenezwa kutokana na asidi ya benzoiki, si ile ya kawaida itokanayo na lami ya makaa ya mawe. Buluu haikutokea. Mwingine angezilaumu kemikali na kuendelea na somo. Meyer alifuatilia, akagundua kwamba rangi ile haikuwa ya benzini hata kidogo. Mwaka 1883 akatangaza mwenyewe wa rangi hiyo: tiofeni, pete ya kaboni nne na salfa moja, iliyokuwamo kwa kiasi cha nusu asilimia tu.

Wakemia walikuwa wamekeneka benzini kwa miaka mingi bila kuiona. Benzini huchemka kwenye nyuzi 80 za Selsiasi, tiofeni kwenye 84, kwa hiyo hupanda karibu pamoja. Kilichozitenganisha ni tabia zao. Salfa huchangia jozi ya elektroni kwenye pete, na pete hiyo hushambuliwa upesi kuliko ya benzini. Ukitikisa mchanganyiko na asidi kali ya salfuriki katika joto la chumba, asidi huikamata tiofeni kwanza na kushuka nayo chini. Kwangu hakuna usafishaji mzuri kuliko huu, wa kutumia tofauti ambayo kipimajoto hakiwezi kuionyesha.

Sasa 2,5-dimethiltiofeni yenu, yaani tiofeni yenye vikundi viwili vya methili, mnayoitengeneza. Kupasha moto heksani-2,5-dioni pamoja na fosforasi pentasalfaidi ni njia ya mkemia Carl Paal, ya tangu miaka ya 1880, nami naiamini. Ila pentasalfaidi hunyonya maji pia, hivyo sehemu ya dioni inaweza kujifunga kwa oksijeni yake yenyewe ikawa dimethilfurani, pete yenye oksijeni mahali pa salfa. Hapa mna bahati: furani hiyo huchemka karibu na nyuzi 93, tiofeni yenu karibu na 135. Osheni kwanza kwa sodiamu haidroksaidi hafifu, kisha kwa maji, kausheni kwa kalsiamu kloraidi, ndipo mkeneke.

Jambo moja nakusihi sana. Mabaki ya pentasalfaidi yakigusa maji hutoa haidrojeni salfaidi. Usiitegemee pua yako, kwa sababu gesi hiyo ikizidi huzima uwezo wa kunusa, na mtu hudhani imekwisha kumbe ndiyo imejaa. Kazi yote ifanyike ndani ya kabati la kufyonza hewa, na gesi inayotoka ipitishwe kwenye mmumunyo wa alkali.

Mkishapima NMR ya protoni (kipimo cha sumaku kinachoonyesha haidrojeni za molekuli kama vilele), nitumie mchoro wake. Protoni za pete ya tiofeni yenu zitakuwa karibu na 6.5 ppm kwenye mchoro. Ukiona kilele kingine karibu na 5.8, furani bado imo. Keneka tena, taratibu zaidi.

Wako akupendaye,
Rafiki yako