Barua kwa Mjomba, Newala: bima ya bei chee ni kangomba

Columbus, Ohio
Jumapili, 17 Novemba 2024

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Mkaza mjomba naye nampa shikamoo yake, na Bibi mwambieni bado najifunika kile kitenge alichonifungia siku ya safari. Baridi imeshaingia huku, ila mimi ni mzima. Nilifurahi mno kusikia kwamba mnada wa kwanza wa korosho wa TANECU, chama chetu kikuu cha ushirika, bei ilipita shilingi 4,000 kwa kilo. Mmeisubiri bei hiyo miaka mingi.

Uliniuliza kwenye simu kwa nini nimechelewa kutuma, nikakujibu juu juu kwamba nashughulikia bima ya afya. Ukanyamaza, nikajua hujaridhika. Leo nakueleza vizuri.

Tangu niache kazi ya ghalani nijitegemee, sina mwajiri wa kunikatia bima. Nainunua mwenyewe. Dirisha la kununua bima hufunguliwa 1 Novemba, na anayetaka kadi ianze kazi 1 Januari awe ameshachagua ifikapo 15 Desemba. Ninyi mko kwenye minada, mimi niko mezani jikoni na penseli na karatasi.

Mwaka jana nilichagua vibaya. Nilitazama mchango wa mwezi basi, nikachukua daraja la chini kabisa, wanaloliita shaba. Mwezi wa sita mwaka huu nikashikwa na jiwe la figo. Mjomba, maumivu yale! Nililala kwenye sakafu ya bafu hadi jirani akanibeba kunipeleka hospitali. Bili ilikuja dola 5,200, na hapo ndipo niliposoma mkataba sawasawa: bima yangu haianzi kulipia matibabu kama yale mpaka kwanza nitoe dola 7,000 mfukoni mwangu. Kwa hiyo bili yote ikawa yangu, na michango ya kila mwezi nilikuwa nimeshalipa. Ndiyo maana Julai mpaka Septemba mlipata nusu. Sikusema kwa sababu sikutaka Bibi akose usingizi. Nisameheni.

Nililipa ile bili huku namkumbuka mtu wa kangomba, mnunuzi wa korosho kwa bei ya kutupa kabla ya mavuno, aliyekuja uani kwako mwaka ule njaa ilipobana. Pesa alikuwa nazo mkononi, na sisi ndani unga umekwisha. Ulimkatalia. Uliniambia ukichukua unafuu wa leo, msimu ukifika unaokota korosho za mwenzio kwenye shamba lako. Mimi nimechukua kangomba, tena kwenye afya yangu.

Safari hii nimekwenda taratibu. Madaraja ni manne: shaba, fedha, dhahabu na platinamu. Kwa wastani bima ya shaba hubeba asilimia 60 ya gharama za matibabu, fedha 70, dhahabu 80, platinamu 90. Ubora wa daktari haumo humo kabisa. Ni mgawanyo wa mzigo tu. Fedha ina jambo moja zaidi: mwenye kipato kidogo hupunguziwa hata kile anachotoa akiugua, na punguzo hilo shaba haina.

Halafu kuna swali la milango ipi iko wazi. Aina ya HMO inakutaka uwe na daktari wako wa kwanza, yeye ndiye anayekuandikia rufaa, na ukitibiwa nje ya orodha yao ya hospitali na madaktari unajilipia, isipokuwa dharura. PPO inakuruhusu kwenda kwa bingwa bila rufaa, hata nje ya orodha, lakini mchango wake ni mzito. Mimi nimechagua fedha ya HMO. Kliniki iko vituo viwili vya basi kutoka kwangu, na sikuamini orodha. Niliwapigia wenyewe wakanithibitishia kwamba wanaipokea.

Sasa nakuja kwako, maana presha yako inanipa wasiwasi kuliko figo zangu. CHF iliyoboreshwa, ule mfuko wa afya ya jamii, ni shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, na kwa rufaa inakupandisha kutoka zahanati mpaka hospitali ya mkoa pale Ligula, Mtwara. Hiyo ni nafuu ya kweli, siidharau. Lakini mkaza mjomba anatibiwa hospitali ya Ndanda. Kadi ambayo Ndanda hawaipokei haitamsaidia yeye, hata ingekuwa ya bure. Vifurushi vya NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, bei yake ni kubwa zaidi, ila pesa ya korosho ikiingia ndio wakati wa kuvipigia hesabu, kabla haijaenda kwenye bati na harusi.

Nakuomba jambo moja. Akienda Ndanda tena, mfuatane. Chukueni vile vikopo vyake viwili vya dawa, mvioneshe dirishani, muulize: kadi zipi mnapokea, na dawa hizi zimo? Muulize pia kama mwanachama mpya husubiri muda gani kabla ya kutibiwa. Majibu yaandike kwenye daftari lako la AMCOS, chama cha msingi, ukurasa wa nyuma, unisomee Jumapili ijayo.

Nimetuma leo kwa simu. Humo 30,000 ni za CHF, mkate kadi sasa hivi wakati tunasubiri majibu ya Ndanda. Tafadhali zisiwekwe akiba ya salfa ya mikorosho.

Mpwa wako akupendaye,
Saidi