Kadi ya mtaji usiipeleke mapokezi

Zuhura mwanangu,

Najua meseji ndefu huzisomi ila hii isome kabla hujapanda ndege, maana jana nimekusikia unamwambia mwenzio hela yote ya mzigo umeiweka kwenye kadi, ukifika Dubai ni kuswaipu tu. Ngoja kwanza.

Unaikumbuka ile safari niliyorudi na begi moja ukanicheka? Nilifika hoteli moja pale Deira, hukohuko Dubai, saa nane usiku miguu imevimba, chumba nimeshalipia tangu Dar, kijana wa mapokezi akaomba kadi, eti ni dhamana tu mama hatukati kitu. Nikaweka namba ya siri, simu ikalia palepale, dirham 1,000, yaani kama dola 272 hivi. Nikajisemea aah watarudisha kesho, nikalala.

Kesho kutwa niko duka la vitambaa, mzigo umeshafungwa na kamba, mashine inakataa kadi, mara ya kwanza, mara ya pili, na foleni nyuma yangu inaguna. Nikapiga benki nafoka nimeibiwa! Dada wa watu akanielewesha taratibu kwamba hela haijaenda popote, imeshikiliwa, iko akauntini kwako ila huwezi kuigusa mpaka hoteli iachie, na hata wakiachia siku unayoondoka, huku benki inaweza kuchukua siku kadhaa ndo uione. Yangu ilifunguka siku ya 12, nishafika nyumbani nishakopa vikoba.

Hizi kadi zetu zinachota akaunti moja kwa moja ndo maana zinauma hivyo, mwenye kadi ya mkopo wanamshikia kwenye kile kiwango anachoruhusiwa kukopa, hela yake ya kula haiguswi. Mjomba wako Marekani anasema hata sheli ukichomeka kadi kwenye pampu wanaweza kushikilia hadi dola 175 wakati umeweka mafuta ya 20, yeye siku hizi anaingia ndani analipa kwa keshia kiasi anachotaka.

Kwa hiyo mama, kabla hujatoa kadi uliza wanashika shilingi ngapi, kwa usiku mmoja au safari nzima. Omba kuweka dhamana keshi, hoteli nyingine wanakubali, na risiti usiitupe. Wakikataa toa ile kadi yako ndogo, siyo hii ya mtaji. Na kama kuna bili ya kulipa mwisho waambie wachukue humohumo kwenye iliyoshikiliwa, wakikukata upya utakuwa umebanwa mara mbili. Halafu angalia kwenye apu, ikiandika inasubiri tulia, ila ikiwa imekatwa kabisa halafu wakarudisha, inabadilishwa tena toka dirham kuja shilingi kwa reti ya siku hiyo na inaweza kurudi pungufu.

Ukifika nitumie voisi. Baibui la shangazi yako ni saizi 56, jeusi, lisiwe na mawe mawe.

Mama yako