Barua kwa mwanangu: hizo saa mbili za New York

Mwanangu,

Ujumbe wako wa juzi nimeusoma mara nne. Unasema New York umejipa saa mbili za kubadili ndege, na kwamba London hadi huko ni saa tatu tu, kwa kuwa tiketi imeandika kuondoka 12:00 na kufika 15:00. Na digrii yote hiyo! Hiyo 15:00 ni saa ya kwao. New York iko nyuma ya London kwa saa tano, kwa hiyo utakaa angani saa nane. Vaa soksi nzito.

Ni kilomita 5,500 na ushee. Kurudi huwa saa saba hivi, maana huko juu kuna upepo unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ukienda unakupinga, ukirudi unakusukuma. Februari 2020 kuna ndege iliyotoka New York ikafika London chini ya saa tano, kwa upepo wa dhoruba. Lakini wewe hurudi, unakwenda, na upepo huo unaweza kukuchelewesha. Ndiyo maana hizo saa mbili ulizojipa kabla ya ndege ya pili zinaninyima usingizi.

Saa mbili! Foleni ya uhamiaji, kisha ungoje begi, maana ukitua Marekani kwa kawaida mzigo unauchukua kwenye uwanja wa kwanza hata kama unaunganisha. Kisha forodha, kisha uukabidhi upya, kisha ukaguzi. Na tiketi umenunua mbili mbalimbali, eti unabana pesa. Ya kwanza ikichelewa, wenye ndege ya pili hawakudai wala huwadai. Watakwenda zao.

Mama yako anasema nisikutie hofu, ufadhili ulijitafutia mwenyewe bila kumpigia mtu magoti. Ni kweli, nami natembea kifua mbele, ingawa siku uliyonipa habari hiyo nilikuuliza tu kama umekula. Ila ubishi huu sijui umeurithi kwa nani.

Na tarehe nazo zitazame. Ile safari ambayo nyumba nzima tunasema ndege ilituacha, tiketi iliandika tarehe 12, 00:30. Mimi nikasoma saa sita na nusu usiku, nikawaburuza uwanjani usiku wa tarehe 12. Kumbe ndege ilikwisha ondoka usiku wa kuamkia tarehe hiyo. Yule dada wa kaunta nilimfokea bure. Mama yako hajui, usimwambie.

Bomba la jikoni limetengenezwa, linavuja tena. Chumba chako mdogo wako amekihamia. Vitabu vyako nimevitia kwenye sanduku, hajavigusa, au ndivyo anavyoapa.

Ile ndege ya pili ibadilishe iwe ya saa tatu usiku, au hata ya kesho yake, ulale. Nyongeza nitalipa mimi. Saa mbili hazitoshi. Ukishabadilisha nipigie, hata kama huku ni usiku wa manane.

Na ufunguo wa kabati la mashuka haupatikani tangu uondoke. Pekua mifuko ya koti lako.

Baba yako