Jenereta ya sumaku isiyokula mafuta: mngeuliza kwanza nani anaizungusha

Mhariri,

Nimesoma ile habari yenu ya kijana aliyetengeneza jenereta ya sumaku ambayo ati haitaki petroli, haitaki jua, haitaki maji, ukishaisukuma mara moja inajizungusha yenyewe na kuwasha taa nyumba nzima mpaka uchoke wewe. Picha ilikuwa nzuri na kijana mwenyewe ana mkono, koili zake, yani zile waya za kuzungushwa mafungu mafungu, amezifunga safi kushinda mafundi kadhaa wa hapa mjini ninaowajua, kwa hivo hii barua si ya kumvunja moyo yeye. Shida yangu ni na nyinyi. Mwandishi wenu amekaa naye, amempiga picha, amemuuliza alisomea wapi na serikali imsaidie vipi, lakini swali lenyewe hakuuliza, kwamba hiyo rota, ile sehemu inayozunguka, nani anaizungusha?

Mimi kazi yangu ni kurewaindi, yani kufunga koili upya, mota na jenereta hapa Mombasa na tangu hiyo habari itoke sina raha dukani. Mzee mmoja wa mtaani kwetu amenijia na sumaku mbili za spika kubwa ndani ya kikapu, "Fundi mwanangu, nifanyie kama ile ya gazetini, tokeni za stima zinanimaliza." Sasa mtu wa umri wa babangu nimwambie nini, nikisema haiwezekani anaona namnyima, gazeti limesema!

Haya, kwamba sumaku na stima ni ndugu hapo hakuna ubishi. Mwaka 1820 Hans Christian Ørsted kule Copenhagen alipitisha stima kwenye waya karibu na dira na sindano ikageuka, basi dunia ikajua kwamba stima ikitembea kwenye waya lazima kuwe na nguvu ya sumaku imeizunguka ile waya pande zote. Hata kwenye boti za injini hili lipo, ukipitisha waya wa taa ya betri karibu na dira, kila ukiwasha taa dira inakudanganya njia, ndio maana fundi anayejua kazi huzisokota waya mbili pamoja, inayokwenda na inayorudi, sumaku ya moja inafuta ya mwenzake.

Kurudi upande wa pili, yani sumaku itoe stima, kulichukua miaka 11. Michael Faraday, mtoto wa mhunzi ambaye shule hakuipata sana na kazi yake ya kwanza ilikuwa kujalidi vitabu, Agosti 1831 huko London alifunga koili mbili kwenye pete moja ya chuma, moja akaiunga kwa betri na nyingine kwa kipimo cha stima. Alipounga betri kipimo kikaruka, halafu kikarudi kikalala. Betri bado imeungwa, stima inapita, sumaku ipo, na kipimo kimelala tu! Alipokata betri kikaruka tena upande wa pili. Hapo ndipo penye utamu wote na hapo ndipo mwandishi wenu alipopotea, manake sumaku iliyotulia hata iwe kubwa kama meza haitoi stima hata ya kuwasha tochi. Inatoa ikibadilika, ama isogee yenyewe, ama isogee koili, ama nguvu yake ipande na kushuka. Na wa kuisogeza lazima awepo na lazima alipwe. Masinga na Kiambere ni maji ya Tana yanasukuma, Olkaria ni mvuke wa ardhini, Turkana ni upepo, hapa kwetu Kipevu ni mafuta, na kote huko mwisho wake ni kitu kilekile, sumaku inazungushwa karibu na waya. Sola peke yake ndio haizungushi kitu.

Najua mtu atasema lakini si ukishaizungusha mara moja inaendelea? Nendeni kwa mafundi wa AC muombe kipande cha paipu ya kopa, yani shaba nyekundu, cha futi tatu hivi, na mtafute sumaku ndogo ya duara, zile zinazong'aa zenye nguvu sana, iwe inapenya ndani ya paipu bila kukwama. Kwanza ibandikeni kwa nje muone, haishiki, kopa haivutwi na sumaku. Sasa simamisheni paipu na mdondoshe kipande cha msumari, tap, kiko chini kabla hujapepesa jicho. Halafu dondosheni sumaku. Inashuka pole pole mpaka unadhani imekwama, ukichungulia kwa juu unaiona inateremka katikati kama mtu anashuka ngazi gizani, na haijashikwa na kitu chochote. Watoto wanaokuja dukani wanairudia mpaka nawafukuza.

Sababu ni hii, sumaku ikishuka inaamsha stima ndani ya ukuta wa paipu, ile stima inazunguka humo na inatengeneza sumaku yake yenyewe, na hiyo sumaku mpya siku zote inapinga ule mwendo ulioileta. Heinrich Lenz aliliweka sawa hili mwaka 1834 na mpaka leo hakuna aliyelizunguka. Kwa hivo kila tone la stima unalolitoa linamvuta miguu yule anayelitoa. Wenye maduka mnalijua hili kwa masikio, stima ikipotea mnawasha kile kijenereta cha petroli nje, kikiwa hakijabeba kitu kinaimba raha mustarehe, chomeka pasi, papo hapo injini inaguna na mafuta yanaanza kwenda. Kwani pasi imeigusa injini? Haijaigusa. Hata ndani ya jenereta yenyewe rota na koili hazigusani, kuna kinafasi chembamba cha hewa tu katikati. Kilichoikaba shafti, ule mhimili unaozungushwa na injini, ni sumaku ya ile stima inayokwenda kwenye pasi.

Basi ile rota ya kijana ikiwa haina mzigo na beringi zake ni nzuri itazunguka muda mrefu na itapendeza kwenye video. Tundika mzigo wa maana uone. Isiposimama, inama uangalie chini ya meza, betri iko hapo. Kuna na wale wa kwenye simu wanaosema ati mota inazungusha jenereta na jenereta inailisha mota, mchezo unaendelea milele, jamani shikeni mwili wa nje wa mota iliyofanya kazi saa moja, ule moto mnaousikia mkononi ni stima iliyopotea, na haitarudi kwa jenereta wala kwa yeyote.

Kama mnataka maajabu ya sumaku ya kuandika mbona yapo juu ya vichwa vyenu hapo ofisini. Feni ya dari, ile sehemu inayozunguka na mapanga haina waya hata moja ulioungwa nayo na haina sumaku ya kudumu pia (zile za kisasa za kutumia stima kidogo zina sumaku, hizo ni nyingine), ni chuma na alumini tu. Koili ziko katikati hazisogei, nazo ni mafungu mawili, na kapasita, kile kidude kidogo kinachoweka stima kidogo na kuiachia, inalifanya fungu moja litangulie kidogo na jingine lifuate, basi nguvu ya sumaku inakuwa inakimbia duara ingawa hakuna kitu kinachokimbia. Inapopita kwenye alumini inaamsha stima humo humo, na ile alumini sasa inavutwa kuifuata. Stima imeruka hewani kutoka koili mpaka alumini! Ndio maana kapasita ikichoka feni inanguruma tu imesimama, mpaka mtu achukue fimbo ya ufagio aisukume ndio ianze kujikokota, manake sumaku haizunguki tena, inakwenda na kurudi palepale, na ukiisukuma kinyume itazunguka kinyume. Msimu wa joto wa Januari na Februari nabadilisha kapasita mpaka mikono inauma na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza inafanya nini.

Transfoma za kwenye nguzo pia ni hivo hivo, stima ya volti 11,000 inaingia koili moja na 415 ama 240 inatoka nyingine bila waya hizo kukutana, kwa sababu stima yetu inabadilika kwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Iwekee betri uone, haitatoa kitu, itapata moto tu na kuungua. Yale yale ya Faraday.

Sasa ombi langu, mkienda tena kwa yule kijana bebeni pasi ya wati 1,000, mashine iwekwe juu ya meza wazi isiyo na kitambaa, betri zote zitolewe nje, pasi ichomekwe na mwandishi wenu akae hapo mpaka asubuhi. Mimi nitakuja na kipimo changu, nauli najilipia. Ikifika asubuhi pasi bado ya moto nitamuomba msamaha kijana kwenye gazeti hili hili. Na isipofika, mwambieni asione haya, aje kwangu, mkono wake nimeuona kwenye picha na hapa nina mota za pampu za visima zilizoliwa na maji ya chumvi zinangoja kufungwa upya, mshahara si mkubwa lakini upo.

Fundi wa mota,
Majengo, Mombasa