Jembe lisiwe adhabu kwa watoto wetu

Mhariri, naomba nafasi niongee na walimu na wazazi wenzangu wa Dodoma.

Hivi kwa nini mtoto akichelewa namba ya asubuhi shuleni au akipiga kelele darasani anapewa jembe akalime? Sisi tumekua hivyo na sehemu nyingi bado inaendelea, halafu akimaliza la saba tunashangaa hataki kusikia habari za shamba, sasa atapendaje kitu ambacho tangu mdogo anakijua kama adhabu? Mwalimu Nyerere kwenye Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alitaka shamba la shule liwe sehemu ya masomo na watoto waone faida ya walicholima, hakusema liwe fimbo.

Mi naomba tuanze na hawa wadogo wa awali na la kwanza. Katuta kadogo tu, kake mwenyewe, apande, amwagilie, achume, ale. Mchicha mzuri wa kuanzia maana wiki tatu nne unachuma, na mtoto hana subira. Halafu karanga jamani! Nyumbani Nzuguni nilimwonyesha mwanangu lile ua la njano, likinyauka linatoa kikonyo kinainama mpaka kinazama ardhini, karanga inatungwa huko huko chini. Basi akitoka shule ni kulala kifudifudi pale kwenye tuta anachungulia, akaita na wa jirani, siku ya kung'oa wakawa wanagombania nani ang'oe shina la kwanza.

Najua mtasema maji. Kweli, mvua yetu ni msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili hivi, ila kwa huku kwetu msiinue tuta, lichimbeni lizame kidogo, changanyeni samadi (ya mbuzi ipo tele Ugogoni), tandazeni nyasi kavu juu, hapo maji hayakimbii na jua halikaushi udongo haraka. Maji ya kusuuzia mikono yanamwagwa bure kila siku shuleni, yapelekeni huko. Eneo hakuna? Hata kiroba kikuukuu kinatosha.

Januari shule zinafunguliwa na mvua zipo, kwa hiyo walimu wa awali anzeni kutafuta mbegu sasa hivi, na mumwite bibi mmoja wa mtaani anayejua kunde na mlenda aje awaonyeshe watoto, maana wengi wa mjini mlenda wanaujua ule mkavu wa sokoni tu. Na aliyechelewa namba mtafutieni adhabu nyingine.

Mzazi, Nzuguni, Dodoma